Rehema Apelekwa Kupimwa Macho Kabla ya Arobaini

Safari hii ilianza kwa ugomvi, na mgomvi nilikuwa mimi. Mjukuu wangu Rehema alikuwa na wiki tatu tu, na baba yake, mwanangu Saidi, alitaka kumpeleka Songea akapimwe macho. Mtoto hajatimiza arobaini!

"Anaumwa nini?" nilimuuliza.

"Haumwi, mama. Ndiyo maana tunaenda sasa."

Saidi mwenyewe alitolewa jicho la saratani akiwa na miaka miwili, kwa sababu tulichelewa. Alipokua madaktari walimwambia akizaa amlete mtoto angali mchanga, asingoje mboni ing'ae nyeupe kama yake ilivyong'aa. Mkewe, Zuhura, alishafunga mizigo. Basi nikachukua khanga zangu, nikasema siwaachi peke yenu.

Alfajiri tuliondoka Lusewa. Nilimgubika mtoto khanga mpaka Zuhura akasema, "Mama, mwache apumue." Tulipofika Namtumbo jua lilikuwa limechomoza na mimi bado nimenuna. Hata chai nilikataa.

Mchana tulikuwa Songea. Daktari wa macho, binti mdogo tu, aliniamkia, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba kwa mkato. Akamtia Rehema dawa ya kupanua mboni, akachungulia jicho la kulia, akahamia la kushoto. Hilo alikaa nalo sana.

"Kuna uvimbe mdogo huku nyuma," akasema.

Zuhura akaangua kilio. Mimi nikatoa la moyoni: miaka yote niliamini nilimharibu Saidi kwa moshi, maana nilikuwa nambeba mgongoni ndani ya banda la kukaushia tumbaku.

"Hapana, bibi. Si moshi, wala si mkono wa mtu. Saidi alizaliwa na hitilafu kwenye chembe za urithi, na mwanawe ameirithi. Lakini safari hii mmewahi."

Wallahi, nililia kuliko Zuhura.

Kesho yake tulipanda basi la Dar es Salaam, tukafikia kwa ndugu. Hospitalini Rehema alipewa dawa ya usingizi, na ule uvimbe ukachomwa kwa miale ya leza, bila kisu. Arobaini ilitukuta hukohuko. Walirudia mara mbili zaidi, wiki kadhaa zikapita, ndipo daktari akatuita.

"Uvimbe umekufa. Jicho lipo, na linaona. Ila mtamleta kupimwa mara kwa mara mpaka akue."

Nilipiga vigelegele hadi muuguzi akaja mbio kuninyamazisha, akaishia kucheka.

Tulirudi Lusewa saa nane mchana. Wanawake walikuwa wamejaa uani, na dada yangu mkubwa hakungoja hata tukae.

"Nani aliruhusu mtoto atolewe nje kabla ya arobaini?"

Zuhura akainamisha kichwa.

"Mimi," nikasema.

Saidi akajikohoza kuficha kicheko. Nikamkazia macho, kisha nikamgeukia dada.

"Na akizaliwa mwingine, hatutangoja hata kitovu kidondoke."