Kata ya Kwanza

Watu wakinisikia nikisema nilisalitiwa kwa ajili ya pombe, hucheka. Wanadhani nilinyang'anywa mume kilabuni. Afadhali ingekuwa mume, haki ya Mungu, ningeshasahau.

Kwetu ni juu ya Lushoto, njia ya kwenda msitu wa Magamba. Mama yangu alikuwa anapika boha, pombe yetu ya miwa. Alikuwa Mlutheri wa kukaa mbele kanisani. Mchungaji alijua anapika, mama alijua kwamba mchungaji anajua, na maisha yalikwenda. Miwa ilitwangwa, ikakamuliwa, maji yake yakatiwa mtungini pamoja na vipande vya tunda kavu la mwegea. Vipande hivyo tuliviita mbegu, maana bila hivyo miwa inabaki maji matamu ya kunywesha watoto. Mbegu ya mama haikununuliwa popote. Ilitoka mtungi mmoja, ikaanikwa juu ya meko, ikaingia mtungi mwingine, tangu enzi za bibi mzaa baba.

Halafu kulikuwa na kata, ya kibuyu, nyeusi kwa uzee. Pombe ikiiva na wanywaji wakishaketi kwenye benchi la uani, mpishi huteka kata ya kwanza na kuinywa mwenyewe mbele yao, waone haina sumu. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa kata hiyo. Bibi alipochoka, alimkabidhi mama kata mbele ya watu, mama akanywa, kisha bibi akaenda kuketi benchini na wanywaji akangoja kuhudumiwa. Hakuna aliyetoa hotuba. Kuanzia hapo boha ikawa ya mama. Mimi ndiye binti yake wa pekee, na nilijua siku yangu itafika. Niliingojea kuliko nilivyongojea kipaimara.

Lakini soko huria lilikuwa limeshapanda mlima. Maduka yalijaa bia za chupa na za kopo, nyingine hata majina yake hatukuweza kuyatamka, na vijana wakaanza kuona haya kukutwa na kikombe cha boha. Benchi likabaki na wazee. Mama hakulalamika, ila nilimwona anapika mtungi nusu, na mimi roho iliniuma. Nitakabidhiwa nini sasa, kata na benchi tupu?

Ndipo shoga yangu alipoleta habari za intaneti.

Huyu tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Alilelewa na bibi yake aliyehamia kutoka Mtae, mlokole wa kuziba pua akipita karibu na pombe, basi mtoto akawa anashinda kwetu, anakula kwetu, anamwita mama yangu mama. Alipomaliza shule akapata kazi mjini, kwenye chumba cha intaneti, kuwawashia watalii kompyuta. Huko akagundua kuna watu huko duniani, wazima na akili zao, wenye jukwaa lao mtandaoni la kuzungumzia pombe wanazopika majumbani kwao. Mchana kutwa na usiku kucha! Wanabishana juu ya povu. Wanapeana nyota kama walimu wanavyosahihisha madaftari.

"Mama, nimewaambia kuhusu boha," alisema siku moja, hata viatu hajavua. "Wamechachamaa!"

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Wamechachamaa na nini, na hawajaonja?"

Hapo sitadanganya, tulifurahi. Kila Jumamosi shoga alipanda na maswali. Mtungi ni wa udongo gani? Moto wa kuni zipi? Mnafunika na nini? Mama alijibu huku akipepeta mahindi, mimi nikisaidia maneno ya Kizungu yaliyonibaki kichwani. Nao wakatufundisha mambo, siwezi kuwanyima sifa yao: tulianza kuchemsha vikombe, tukaacha kuchanganya miwa ya juzi na ya leo, na boha ikawa nzuri zaidi. Watalii wawili watatu walikuja kuonja. Vijana walipoona Wazungu wanakunywa boha na kupiga picha, nao haya zikawatoka. Benchi likajaa. Mama akarudia mtungi mzima.

Kisha jukwaa likanogewa na moshi. Sijui nani alisema huko kwamba pombe ya asili ya milimani lazima inuke moshi, basi shoga akaja na agizo: mama aanike mbegu karibu zaidi na moto. Mama akaguna lakini akafanya, kwa mapenzi tu. Jumamosi iliyofuata mzee mmoja wa benchini alikunywa, akatazama kikombe, akauliza, "Mama, leo umetupikia boha au umetupikia jiko?" Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alirudisha mbegu mahali pake, akamwambia shoga, "Waambie hao wenzako kama wanataka moshi, wavute sigara."

Nilidhani yamekwisha. Shoga alinuna kidogo, akaomba kipande cha mbegu "cha kuwaonyesha tu," na mama akampa. Mama! Mtu ambaye hakuwahi kumpa hata shangazi yangu. Nilipomuuliza alisema, "Huyu si mwanangu?" Nikakubali, maana na mimi nilimwona ndugu.

Basi wakaja wageni wawili, mwanamume na mwanamke, Jumapili baada ya ibada. Shoga ndiye aliyewaleta, amevaa kitenge kipya, nywele amezisuka. Uani palikuwa pamejaa. Mama alikuwa anatoka jikoni na mtungi kichwani, kanga imelowa. Yule mgeni wa kike alikuwa amejifunza Kiswahili, tena kizuri. Akampa mama shikamoo, mama akaitikia marahaba. Kisha mgeni akasema kwa furaha, bila ubaya wowote moyoni mwake:

"Wewe ndiye dada wa kazi! Tumesoma habari zako. Anasema unamsaidia sana kutwanga."

Nilidhani amekosea neno. Wageni hukosea maneno. Nikamtazama shoga yangu anisaidie kucheka. Alikuwa anatazama kitenge chake.

Mgeni akaendelea, maskini, anadhani anatufurahisha. Akasema wao kwao sasa wanapika boha kwa mbegu aliyowatumia shoga. Akasema jukwaa zima linamjua, linamwita mama wa boha. Akasema ni jambo zuri sana msichana kurithi pombe ya bibi yake.

"Bibi yake?" yule mzee wa moshi akaropoka benchini. "Yule mlokole? Si angekufa kwa harufu tu!"

Hakuna aliyecheka.  Mimi nilitaka kumrukia shoga, nimvue kile kitenge mbele za watu. Aliyekula ugali wetu! Aliyelala kitanda kimoja na mimi mvua za masika! Nikapiga hatua, mama akanyoosha mkono kunizuia. Hakunitazama hata.

Akautua mtungi. Akaingia ndani, akarudi na kata. Akateka boha ikajaa, akamwendea shoga yangu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu," alisema taratibu. "Mpishi huanza."

Wanywaji wote walijua kata ile ni nini. Shoga alijua. Amekulia uani pale, ameona kata ya kwanza ikinywewa tangu hajui kusoma. Angeweza kusema, mama, nisamehe. Angeweza kusema hapana, mpishi ni wewe, na wageni wangecheka na yangekwisha, mama angemsamehe kabla ya giza. Namjua mama yangu. Mgeni wa kiume alikuwa ameshainua kamera.

Shoga akatazama kamera. Akatazama kata. Akanywa.

Mama alifuta mikono kwa kanga. Akapita mbele yangu, akaenda mpaka benchini, na yule mzee akasogea kumpisha. Mama akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi pale maishani mwangu. Akaweka mikono magotini, akangoja kuhudumiwa.

Mzee akavua kofia.

Shoga alibaki amesimama na kata mkononi, hajui ateke au aiweke chini, mpaka wageni wakamwambia, "Tumiminie bwana, tuna kiu." Akateka. Mama alipokea kikombe kwa adabu zote, akasema, "Hongea," kwa Kishambaa chetu cha kushukuru, akanywa chote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama kuni. Siku yangu ilikuwa imepita mbele ya macho yangu, imevaa kitenge cha mtu mwingine.

Wageni waliondoka wameridhika. Shoga aliondoka nao, hakuaga, na mpaka leo tukikutana sokoni Lushoto hugeukia upande wa nyanya. Mama hakupika tena. Watu walikuja kuomba, hata mchungaji aliuliza kwa mbali kulikoni. Mama aliwajibu kwamba boha si yake tena. Nasikia jukwaani bado wanaipa nyota.

Na kwa nini niseme shoga tu ndiye aliyenisaliti? Niliyakalia haya kifuani mpaka mama alipoanza kuugua. Nilikuwa namkanda miguu, yakanitoka.

"Mama, kata ile ilikuwa yangu. Ulijua ni yangu. Ulimpaje?"

 Akavuta miguu yake kutoka mikononi mwangu, akageukia ukutani.

"Nilijua hatakunywa," alisema.