Meinir Pugh na Kura ya Horebu

Mgeni yeyote aliyefika kijijini Cwm Helyg aliuona mgongo wa Meinir Pugh kabla ya kuuona uso wake. Ulikuwa mgongo mpana, umefungwa kamba za aproni kwa mafundo mawili, na daima ulikuwa ukiondoka: kuelekea jikoni, kuelekea bombani, kuelekea kile chumba kidogo nyuma ya kanisa la Horebu ambako birika kubwa la chai lilichemka kwa kujivuta kama mzee anayeamshwa. Ungemsalimia, naye angekujibu bila kugeuka, "Kaa, mpenzi, kaa, nakuja," na kabla hujakaa vizuri kikombe kingekuwa mkononi mwako.

Alizaliwa katika nyumba iliyopakana na ukuta wa kanisa hilo. Alibatizwa Horebu, akafunga ndoa Horebu, na kiangazi kilichopita alimzika dada yake Olwen katika makaburi ya Horebu. Miaka yake ya kazi aliitumia akiwa mpishi wa shule. Siku za juma aliwalisha watoto wa kijiji, na Jumapili akawanywesha chai wazazi wao. Kisha shule ikafungwa. Duka likafungwa. Baa ikageuzwa nyumba ya likizo, ya watu wanaokuja Agosti na kulalamika kwamba kondoo wana kelele. Ikabaki Horebu, paa lake likivuja na waumini wakipungua, na Meinir alikwisha kutamka mbele ya kila mtu kwamba siku watakayotaka kuiuza, itabidi wamng'oe yeye kwanza pamoja na benchi lake.

Mumewe, Gwynfor, alikuwa mzee wa kanisa. Kijiji kizima kilimwita Gwynfor Funguo, kwani ndiye aliyefungua milango, akawasha tanuri la kupasha joto, akafyeka nyasi za makaburini, na kila Jumapili, kabla ya wimbo wa mwisho, akasimama kusoma matangazo. Hapo ndipo Meinir alipoinuka na kutoka. Tangu zama za mama yake, mwanamke wa zamu ya chai hutoka matangazo yanapoanza, ili watu wakimaliza kuimba wakute maji yamechemka. Na zamu ya Meinir, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, ilikuwa kila Jumapili.

Oktoba moja Gwynfor akamjia jikoni ameshika ramani.

"Meinir, unaonaje tukitoka wikiendi hii? Tukazione ngome. Harlech, Cricieth, na ile ya mlimani unayoisema kila siku."

"Wikiendi hii? Na Jumapili je?"

"Jumapili moja tu. Horebu haina miguu, haitakimbia."

Meinir alimtazama kama mtu aliyemwona ng'ombe akipanda ngazi. Walikuwa na gari la safari, lenye kitanda na jiko la gesi na mapazia aliyoyashona mwenyewe, lakini kila lilipotoka lilirudishwa Jumamosi jioni, kwa sababu tanuri la Horebu halikumtii mtu mwingine ila Gwynfor.

"Nani atawasha tanuri?"

"Hefin mpiga kinanda amekubali."

"Hefin! Atakichoma kinanda chake mwenyewe, yule." Lakini tayari alikuwa akikata mkate wa zabibu kavu wa njiani, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Tangu msiba wa Olwen hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

Mvua iliwapokea Harlech na haikuwaacha. Walizizunguka kuta za kijivu wamevaa makoti ya mpira, wakapanda hadi kileleni mwa mnara, mahali ambapo siku njema mtu huiona bahari yote na milima yote. Siku hiyo waliona ukungu, na ndani ya ukungu kondoo mmoja.

"Haya sasa," Gwynfor akasema. "Mfalme alivunja hazina yake, akajenga haya yote, apate mahali pa kumtazamia kondoo."

Meinir alicheka hadi akashika ukuta. Baadaye Gwynfor alipasha supu ya kondoo na viazi, jambo ambalo nyumbani hakulifanya, wakanywa huku vioo vya gari vimejaa mvuke na matone yakigonga paa. "Ahsante, Gwyn," Meinir akamwambia. "Nilikuwa naihitaji safari hii." Naye Gwynfor akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumamosi mchana wakashuka Cricieth. Gwynfor alitaka wapande moja kwa moja ngomeni, lakini Meinir alikuwa amepigwa na baridi, na mgahawa wa Beti Rowlands ulikuwa pale pale chini ya kilima. Beti alikuwa dada yake Hefin mpiga kinanda. Yeye na Meinir walikulia kijiji kimoja.

"Nenda wewe," Gwynfor alisema upesi. "Mimi naangalia gurudumu."

Beti alimkumbatia Meinir, akamwachia, akamtazama tena kutoka juu hadi chini.

"Wee! Meinir! Sikutegemea kukuona huku leo. Lakini nakusifu, dada yangu. Hata mimi nisingeweza kukaa pale kesho nikaangalia."

"Niangalie nini?"

"Hiyo kura, basi. Hefin aliniambia ulivyolipokea jambo lenyewe. Matangazo yamesomwa Jumapili tatu, na wewe kimya, hata chafya. Nikamwambia, Meinir amekua sasa. Meinir wa zamani angeshusha dari."

"Kura ya nini, Beti?"

"Usinitanie."

"Nakuuliza, kura ya nini?"

Beti akakiweka chini kitambaa alichokuwa akifutia meza. "Ya kuifunga Horebu. Kesho, baada ya ibada. Si mumeo ndiye aliyesoma?"

Meinir aliketi. Mambo yakaanza kumrudia, moja likilivuta jingine. Gwenda, jirani yake, aliyemshika mkono juu ya sahani ya biskuti na kumwambia, "Jikaze, mpenzi," naye akadhani ni pole ya Olwen. Mzee mmoja aliyemwambia kwamba yote yana mwisho wake. Wote walimsikitikia, na yeye akawashukuru wote! Hakuna aliyemuuliza lolote, kwa sababu pale kijijini mke wa mzee wa kanisa akinyamaza, watu hujua wamekwisha kukubaliana nyumbani. Na sheria ya Horebu aliijua vizuri kuliko mtu yeyote: anayepiga kura ni yule aliyekaa benchini siku hiyo kura inapoitishwa. Asiyekuwepo hana mkono.

Aliporudi kwenye gari alimkuta Gwynfor amekaa nyuma ya usukani. Gurudumu halikuwa na kasoro.

"Nani mwingine anajua kwamba mimi sijui?" Meinir akauliza.

Gwynfor hakujifanya haelewi. "Hakuna. Mimi tu."

"Ulikuwa unasubiri nitoke."

"Meinir, sikiliza..."

"Ulisimama pale na karatasi yako, ukanitazama nikienda kuwachemshia maji, ukangoja mlango ufungwe. Mara tatu, Gwynfor! Ya kwanza naweza kusema uliogopa. Ya tatu ulikuwa umeshazoea."

"Kila nikirudi nyumbani nilisema leo namwambia. Kila mara. Lakini wewe ungesimama, na wewe ukisimama nusu ya kanisa inasimama, halafu mvua ikinyesha nani anapanda darini na ndoo? Mimi. Nani anafyeka? Mimi. Theluji ikianguka, nani anaamka kuwasha tanuri ili watu wachache waimbe? Nyinyi hamsemi Horebu isimame. Mnasema Gwynfor asimame, na goti lake hili."

Neno hilo lilimwingia Meinir, na kwa kuwa lilimwingia lilimuuma zaidi.

"Ungeniambia umechoka."

"Nilikwambia."

"Uliniambia goti linauma! Nikakupaka dawa. Mtu akisema goti linauma anapakwa dawa, hafikiriwi kwamba anauza kanisa." Akanyoosha kidole nyuma ya gari. "Na safari hii. Nilikushukuru. Nilikaa pale, kwenye kiti kile, nikakushukuru."

"Safari niliitaka kweli."

"Ungeitaka wiki ijayo."

Husemwa kikulacho ki nguoni mwako. Meinir aliona afadhali hata huyo wa nguoni, kwani akitaka kukuuma hakupashii supu kwanza.

Alitaka warudi saa ile ile. Lakini mto ulikuwa umepanda juu ya barabara ya kwenda kwao, na barabara ilikuwa imefungwa hadi asubuhi. Wakalala kitanda kimoja, kwa sababu gari halikuwa na kingine, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Kulipokucha Meinir alikuwa ameshika ufunguo.

"Hujawahi kuliendesha hili," Gwynfor alisema.

"Wala sikuwahi kuuziwa kanisa."

Lilikuwa gari zito, na barabara za kwao ni njia nyembamba kama ujia wa jikoni, michongoma huku na huku. Kusonga mbele aliweza. Alichokiogopa maisha yake yote kilikuwa kurudi nyuma, na ndicho kilichomkuta. Karibu na nyumbani walikutana uso kwa uso na trekta lililovuta tela la majani makavu. Mahali pa kupishana palikuwa nyuma yao, na kwa desturi aliye karibu napo ndiye anayerudi.

Mkulima alitoa kichwa nje. "Vipi, mama! Unarudi, au nishuke tule Krismasi hapa hapa?"

Meinir aliingiza gia, gari likaruka kama mbuzi na kuparuza michongoma. Akasimama. Saa ya kwenye gari ilikuwa ikiendelea na shughuli zake.

Gwynfor alikuwa amekaa tu tangu Cricieth. Sasa angeendelea tu kukaa, na kura ingepigwa bila mkewe. Alifungua mlango, akashuka kwenye mvua bila kofia, akachechemea hadi nyuma ya gari na kuinua mikono. Kushoto. Kushoto zaidi. Meinir alimtazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alijiuliza kama mikono ile ilikuwa ikimwelekeza njiani au mtaroni. Lakini hakukuwa na mikono mingine. Akaifuata, kidogo kidogo, mpaka kiganja kikasema simama. Trekta likapita, mkulima akapiga honi. Gwynfor akarudi kwenye kiti chake maji yakimchuruzika shingoni. Alichomfanyia Meinir hakikupungua uzito. Kilizidi tu kuwa kigumu kukibeba.

Walipofika kwenye lango la Horebu, nyimbo zilisikika hadi barabarani. Meinir aliusikia ubeti, akaganda. Ulikuwa wimbo wa mwisho, nao ulikuwa ukingoni. Akaacha gari katikati ya njia, akakimbia kati ya makaburi.

Mlango ulipofunguka upepo uliingia pamoja naye. Hefin, aliyekaa kwenye kinanda akiwapa watu mgongo, alikuwa na kioo kidogo cha kumwangalia mchungaji. Alimwona Meinir ndani ya kioo hicho. Wimbo ulikuwa umefika mwisho, watu wameanza kuvuta pumzi ya kukaa. Hefin akaukandamiza ubeti wa mwisho tena, kama inavyofanyika roho zinapopata moto, na kanisa zima, bila kuuliza kwa nini, likaurudia kwa sauti nne. Ulipokwisha akaurudia mara nyingine. Kufikia hapo Meinir alikuwa ameshafika benchini kwake.

Gwenda alimsogezea nafasi, macho yamemtoka. "Meinir! Tuliambiwa huji!"

"Nani aliwaambia?"

Gwenda alitazama mbele, ambako Gwynfor, amelowa chapachapa, alikuwa akijipenyeza kwenye kiti cha wazee chini ya mimbari, kiti kinachowaelekea watu wote. Hakuwa na mahali pa kuficha uso.

Mchungaji Non, msichana mwenye makanisa sita na gari moja bovu, alishuka mimbarini ameshika karatasi. "Ndugu zangu, mnajua jambo lililo mbele yetu. Tutainua mikono..."

"Mchungaji," Meinir alisema, naye alikuwa amesimama. "Nina neno."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye shayiri. Watu wakageuka. Miaka yote walikuwa wakiliona benchi lile tupu wakati kama huu wa ibada, na ni mara ya kwanza kumsikia Meinir.

"Utalisema, Meinir," mchungaji akajibu, na uso wake ulikuwa na kitu kama ahueni. "Wewe kwanza, halafu mikono. Lakini kabla ya yote, tuombe."

Vichwa vikainama. Maombi ya Mchungaji Non yalijulikana bondeni kote kwa urefu wake. Alianza na wagonjwa, akaenda kwa wasafiri, akaingia kwa mataifa yaliyo vitani. Mvua ilidondoka ndani ya ndoo chini ya dari. Kwenye kiti cha wazee Gwynfor alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine, lakini macho hakuyafumba, na Meinir alilijua hilo kwa sababu yeye pia hakuyafumba. Walitazamana. Hakuweza kujua ule mkono wa mumewe ungepanda lini, na kwa upande gani.

Hakukaa. Alishika mgongo wa benchi lililokuwa mbele yake, maneno yote yamemjaa kifuani, akaingoja amina.