Moshi wa Harusi Katika Chumba cha Panya

Miaka kumi na mmoja nilitunza panya weupe katika maabara moja hapa Kampala. Shule sikusoma, lakini kila panya nilimjua kwa mwendo wake.

Daktari Atim, binti wa polisi wa Nakawa, alichunguza serotonini, kitu cha ubongoni kinachohusika na hofu. Alitaka kujua kwa nini panya mmoja hujificha na mwingine hutoka. Alinikataza hata sabuni yenye harufu, isije ikawatisha panya.

"Yule wa kizimba cha tisa ni mwoga kama baba Sharifah," nilimwambia siku moja.

"Mama Sharifah, mzee wa watu akikusikia?"

"Atajificha chini ya kitanda."

Alicheka, kisha akaandika niliyomwonyesha: panya wanaohamishwa asubuhi hutulia upesi kuliko wa jioni. Akaahidi jina langu litakuwemo kwenye makala yake.

Makala ilipotoka, karani alinisomea majina matano. La profesa ambaye hakuwahi kuingia chumba cha panya lilikuwemo. Langu halikuwemo.

"Profesa alilifuta," Atim alisema bila kunitazama. "Ningebisha, angeninyima barua ya kunisifia."

"Basi sawa, Daktari." Haikuwa sawa. Akaibandika ile makala ukutani, nami nikawa naifuta vumbi kila asubuhi.

Baadaye chuo kimoja Uholanzi kikatangaza nafasi ya miaka miwili kwa wenye udaktari, kuendelea na utafiti huohuo. Walibaki wawili, Atim na Mkenya mmoja. Atim akaombwa matokeo ya jaribio moja la mwisho, la dawa ya hofu, kabla ya Ijumaa.

Jumapili iliyotangulia Ijumaa hiyo nilimwoza binti yangu Sharifah. Sisi Wanubi, harusi ikikaribia, wanawake hukaa juu ya moshi wa kuni za manukato, wamejifunika blanketi, mpaka ngozi inywe. Harufu hiyo haitoki siku mbili wala tatu. Jumatatu nilioga mara mbili nyumbani Nateete, nikaenda kazini nikijidanganya kwamba inatosha.

Panya wote walijibanza pembeni, waliopewa dawa na wasiopewa. Jumanne vilevile. Atim alikuwa na mafua, hakunusa kitu.

"Mama Sharifah, kuna kilichobadilika humu? Chakula? Maranda?"

Nilijua. Nikatazama ukutani, ile karatasi yenye majina matano.

"Hakuna, Daktari."

Nafasi ikaenda kwa yule Mkenya. Atim aliacha maabara, akawa mwalimu wa sekondari.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilikutana naye soko la Nakawa. Nilikuwa nimetoka kumwandaa mpwa wangu kwa harusi. Alinikumbatia kwa furaha, kisha akatulia, pua ikiwa begani kwangu.

"Harufu hii ni ya nini, Mama?"

"Moshi wa harusi."

"Na ya Sharifah mlifanya hivi?"

"Tulifanya."

Akaniachia taratibu, kama nilivyomfundisha kumrudisha panya kizimbani. Nilikuwa nimeliweka tayari neno langu kuhusu yale majina matano, miaka mitatu mizima. Halikutoka.

"Ungeniambia," alisema, "ningewaomba wiki moja tu. Wangenipa."

Akaokota mfuko wake wa nyanya. Akaniambia nimsalimie baba Sharifah, akaenda.