Tabia Aliyozaliwa Nayo Kitinda Mimba Wetu

Siku ile chumbani tulikuwa watano: mimi niliye mkubwa, mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye ulimi wake ulitangulia umri wake, shangazi yetu, dadake marehemu baba, aliyetoka Lamu kuja kukaa nasi, tabibu mzee wa Kibaniani kutoka mtaa wa pili, na kitinda mimba wetu, aliyelala mkekani katikati yetu, ambaye kwa ajili yake tulikusanyika.

Alikuwa na homa isiyomwacha. Dawa ya hospitali alikuwa amekunywa, maji ya kombe, yaliyooshea aya za Kurani sahanini, alikuwa amenyweshwa, na bado alikataa hata uji. Lililonitisha zaidi ni kwamba hakulia. Mtoto mdogo vile, na macho yake yakitazama boriti za dari kana kwamba sisi hatumhusu. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata kabla ya arubaini ya kumzaa huyu kutimia, nami nikaacha shule nikaenda kubeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi ili nyumba isivunjike. Gunia nililiweza. Hili la mtoto sikujua nilishike wapi.

Tabibu alimshika mkono, akafumba macho, akausikiliza mshipa. Kisha hakuuliza habari za homa. Aliuliza (Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, nami hapa nakinyoosha):

"Huyu aliumbwa vipi?"

Hatukuelewa. Akavuta subira, akatueleza. Kwa wazee wao, alisema, kabla ya mbingu na ardhi kulikuwa na kitu kimoja tu, kisicho na umbo wala kuonekana. Wao hukiita prakriti. Ndani yake mna nyuzi tatu: ya nuru, ya mwendo na ya uzito. Zilipokuwa zimetulia sawasawa hapakuwa na chochote. Moja ilipovuta, ndipo vitu vyote vilipoanza kusukika: jiwe, ng'ombe, bahari, mtu. Akaugusa ukili wa mkeka ambao shangazi hakuuacha kuusuka hata mbele ya mgonjwa.

"Miyaa mitatu tu?" shangazi akasema. "Bwana tabibu, mkeka huo haumlazi hata paka. Na kwetu sisi Mwenyezi Mungu akisema kuwa, kinakuwa. Hasuki."

"Mungu wako simgusi, mama," mzee akacheka. "Mimi nauliza mkeka tu."

Akaendelea. Kila mtu, tangu tumboni mwa mamake, nyuzi zile humvuta kwa namna yake peke yake, na namna hiyo ndiyo prakriti yake mpaka afe. Ugonjwa ni kuburutwa mbali nayo. Kazi ya tabibu ni kumrudisha mtu pale alipokuwa. Asipopajua, dawa ile ile ya kumrudisha huenda ikamsukuma mbali zaidi.

"Basi niambieni. Alipozaliwa alikuwa wa moto au wa baridi? Alilia kwa nguvu? Alinyonya kwa pupa au taratibu?"

Siku aliyozaliwa, shangazi alikuwa Lamu. Mdogo wangu alikuwa bado mchanga mno. Mkunga alikwisha kufariki. Mimi, kama watoto wote wa kiume nyumba inapokuwa na uzazi, nilitolewa nikapelekwa kwa jirani, nikarudi nikakuta kitu kimefungwa kwenye leso na nikakatazwa kukisogelea. Lakini walikuwa wakinitazama mimi, nikajibu.

"Wa baridi. Ni mpole, hana makelele, aketipo asubuhi ndipo utakapomkuta jioni."

"Baridi gani!" shangazi akaruka. "Mtoto autupa mkeka alale sakafuni! Wa moto huyo, baba."

"Si moto si baridi," akasema mdogo wangu. "Ni kununa tu. Akinyamaza, amenuna."

"Nyamaza na wewe, uliyezaliwa ukisema," shangazi akamkemea.

Tabibu hakucheka. Aliniuliza upole huo ulianza lini.

"Tangu tumjue."

"Mama yake alikuwa hai?"

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Basi mwanangu, umenieleza msiba," akasema. "Mimi sikuuliza msiba."

Nilikuwa nimemlea kwa maji ya wali, nimemshika mkono akijifunza kupanda ngazi, na kikohozi chake nilikitambua hata nikiwa uani. Nikaona kwamba mtoto aliyezaliwa sikupata kumjua kamwe. Mzee, nadhani kwa kutaka kunifariji, akasema kwamba hiyo prakriti ndiyo itendayo yote, na ndani ya kila mtu yuko mmoja ambaye hatendi, hutazama tu. Sikufarijika. Kutazama tu ndiko nilikokuwa nikikukimbia tangu tulipomzika mama.

Alitupatia unga wa mizizi, uchanganywe na asali. Homa ikapungua kidogo kidogo, ikaisha. Kama ni unga, au hospitali, au kombe, hatukujua. Nilipokwenda dukani kwake kumlipa, aliusukuma mkono wangu.

"Nilibahatisha, na kwa kubahatisha silipwi. Wewe mtazame mtoto. Siku ukijua alivyoumbwa, njoo uniambie. Hayo ndiyo malipo yangu."

Nikamtazama. Alipoanza shule, walimu walisema ni mcheshi, huwavunja wenzake mbavu. Akiingia nyumbani akinikuta mimi, hunyamaza. Mara nikadhani ucheshi ndio wake na ukimya aliuokota kwangu. Mara nikadhani kinyume. Nikiwa njiani kwenda kwa mzee jibu huharibika mdomoni, nikarudi nyumbani. Mwisho nilikuta duka lake limekuwa la nguo, na mwenye nguo akanambia mzee amerudi kwao Bara Hindi.

Kitinda mimba wetu sasa ana watoto wake. Hunikaribisha, hunimiminia kahawa, huketi mbele yangu bila kusema. Nami humtazama mpaka akaniuliza, "Kaka, wataka nini?" Namsogezea kikombe aniongeze kahawa, na mzee bado ananidai jibu lake.