Mjusi wa Mama na Mchanga wa Chovae

Mama yangu alirudi Kismayo baada ya miaka zaidi ya thelathini, akashuka kwenye teksi, akanipa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia mkoba, na ndani ya mkoba, kwenye soksi ya sufi, alikuwamo mjusi.

Si mjusi kafiri wa ukutani. Huyu alikuwa mrefu kutoka kiganja changu hadi kiwiko, rangi ya tangawizi, na chini ya kidevu ana miiba laini mfano wa ndevu. Akikasirika au akiumwa, ndevu hizo huvimba zikawa nyeusi tii. Alikuwa wa mpwa wangu, binti wa mdogo wangu huko Ulaya, ambaye ameingia chuo na bweni halitaki wanyama. Mama akajitolea kuja naye. Alivyompitisha uwanja wa ndege hasemi mpaka leo.

"Nshikie taratibu," aliniambia. "Mwanangu huyu amechoka na ndia."

Mwanangu! Nami nimesimama mlangoni na baibui jipya, nimejifukiza udi mpaka kwenye nywele, nikingoja neno hilohilo.

Lazima niseme jinsi tulivyoachana. Vita vilipoingia nilikuwa na miaka sita, na nilikuwa naumwa surua. Nahodha aliyekuwa akivusha watu kutoka Chovae, kisiwa chetu, kwenda Mombasa alikataa kupakia mgonjwa. Mama akamchukua mdogo wangu aliyekuwa ananyonya, mimi akaniacha kwa bibi. Alisema atarudi kunichukua. Mombasa ikawa kambi, kambi ikawa Ulaya, na mimi nikawa sauti ya kwenye simu kila sikukuu. Bibi ndiye aliyenilea akanifundisha kazi yake ya kukanda wazazi na watoto wachanga, kazi ninayoifanya mpaka sasa. Mdogo wangu nilimwonea wivu tangu siku ile, na sijawahi kuficha.

Kwetu visiwani, msafiri wa miaka akirudi, hutandikiwa mchanga mweupe mpya, uani na chumbani, ili mguu wake wa kwanza ukanyage kwao. Mimi sasa naishi mjini, ambako watu wameweka vigae na desturi hiyo wameisahau. Nikavuka mpaka Chovae, nikachota magunia matatu, nikauchekecha siku mbili kwa kitambaa cha zamani cha shashi mpaka ukawa laini kama unga. Nikautandaza chumba kizima. Mama aliingia na soksi na viatu vya raba, kwa sababu ana sukari na daktari wake kamkataza kwenda peku. Akaketi kitandani, akauliza kama kuna jua la kutosha kwa mjusi. Mchanga hakuuona.

Aliyeuona ni mjusi. Akafunguliwa, akajibwaga, akafukua, akajizika nusu, akafumba macho kwa raha. Mama akacheka. "Mwangalie! Kule alikuwa akilalia magazeti, maskini." Basi zawadi yangu ikapata mwenyewe.

Wasemao mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakumjua mgeni huyu. Jembe nilipewa mimi. Kila asubuhi, mimi mwanamke mzima ninayeheshimiwa na mitaa miwili, nilikuwa nikiinua mawe na mbao nyuma ya nyumba nikitafuta nyenje, maana bwana mkubwa hapendi mende peke yake. Utotoni tulikuwa tukiwawinda mijusi kwa kandambili tupate thawabu. Sasa nilikuwa nampelekea mmoja chakula chumbani. Mama aliwamwaga nyenje mchangani, mjusi akawakimbiza na kuwadaka, kila tonge na mchanga wake. Hakuna aliyefikiri lolote. Mchanga safi, nimeuchekecha mwenyewe.

Wiki ya pili akaacha kula. Mimi ndiye ninayefagia, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua kwanza kwamba hajapata choo siku tatu. Sikusema. Siku ya nne nikasikia mama akimbembeleza kwa lugha ya huko, lugha nisiyoijua, na ndani yangu nikafurahi kwamba hajibiwi. Sioni fahari kuandika hivi, lakini nilifurahi.

Siku ya sita mjusi alikuwa akiburuta miguu ya nyuma, tumbo gumu, ndevu nyeusi hata akiwa amelala. Tulimwita daktari wa mifugo wa mtaani, mtu wa ngamia na mbuzi. Akamtazama, akatutazama, akaaga kwa adabu. Mama akaanza kulia. Wakati bibi alipofariki alilia kwenye simu, nami nilisikia mkwaruzo tu. Sasa niliyaona machozi kwa macho yangu, na yalikuwa ya mjusi.

Akampigia mpwa wangu simu ya video. Binti akatazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Bibi, analala juu ya nini?" Mama akageuza simu akaonyesha chini.

"Mchanga! Bibi, mchanga unamziba tumbo! Anaumeza! Atakufa!"

Mama aliinama akautazama mchanga kwa mara ya kwanza tangu afike. Nikahisi uso unanichoma. Binti akaeleza: maji ya uvuguvugu mpaka mabegani, kisha tumbo likandwe polepole, kutoka kifuani kwenda mkiani, mara nyingi, bila kubana.

Mama alijaribu. Vidole vyake vina baridi yabisi, vikashindwa. Akanigeukia.

"Ndoo, sogea hapa. Mkono wako ni mkono wa mamangu. Mkande."

Nilitaka kumwambia, aliyemzaa ndiye amkande. Lakini kazi ni kazi, na tumbo gumu ni tumbo gumu. Nikampakata majini kwenye karai. Tumbo lake lilikuwa la mtoto mwenye msokoto wa mchango kabisa, na vidole vyangu vikajua pa kwenda kabla sijaviruhusu. Siku ile mara tatu, kesho yake mara tatu. Alinitazama kwa jicho moja, nami nikamtazama. "Wewe," nilimwambia kimoyomoyo, "ukifa nitaambiwa nimekuua kwa wivu, na sitakuwa na jibu."

Siku ya pili, alasiri, alijikaza, akatetemeka, maji yakachafuka. Kikatoka kipande kirefu cha choo kigumu, na nyuma yake mchanga, mweupe vilevile. Mama akapiga kigelegele mpaka majirani wakauliza nani amejifungua.

Kisha akaingiza kidole kwenye karai, akasugua zile chembe kwa kidole gumba.

"Mchanga huu si wa hapa," akasema. "Huu wa Chovae."

"Nilikutandikia wewe," nikasema, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyokusudia. "Siku mbili nauchekecha. Hukuukanyaga. Kaukanyaga yeye, kaula yeye, na bado wewe wamlilia yeye."

Nilidhani atakasirika. Akakaa kitandani.

"Siku ile ya chombo," akasema, "nilikuketisha kwenye gogo, nkakukung'uta mchanga miguuni. Mguu mmoja, kisha wa pili. Nahodha aita, mi nakung'uta tu. Nikijua nkimaliza nitakupa mamangu niondoke. Basi sikutaka kumaliza."

Miaka yote hiyo niliamini kwamba aliondoka bila kugeuka. Hakuna aliyeniambia habari ya gogo.

Nikasema nitauzoa mchanga wote, usimdhuru tena mjusi. Nikachukua ufagio. Nilipofika upande wa kitanda chake mama akaweka mguu mbele yangu.

"Hapa uache."

Akavua viatu. Akavua soksi. Nikamkumbusha daktari. "Daktari hayuko hapa," akasema, akasimama, akatembea peku hatua nne, tano, akarudi akaketi na kuninyooshea miguu.

"Haya, mwanangu. Nikung'ute."

Nikapiga magoti nikamkung'uta, mguu mmoja, kisha wa pili, na sikufanya haraka. Mjusi alikuwa akitutazama kutoka kwenye sanduku tulilomhamishia, juu ya gazeti, ndevu zimemvimba, nyeusi tii. Safari hii haikuwa tumbo.