Mbuzi wa Ngozi na Foleni ya Darasa la Kumi

Zdravka Kalaydzhieva alikuwa mwalimu wa michezo katika mji mdogo wa Bulgaria kando ya mto Danube, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafundisha vibaya. Ujanani alichezea timu ya voliboli ya mkoa, na mpira wake wa mkono wa kushoto uliogopwa mpaka mji wa Pleven. Goti lilipomharibikia alirudi kwao, akaolewa na Orlin, dereva wa lori, akakabidhiwa filimbi na ufunguo wa ukumbi wa mazoezi. Akafundisha kama alivyofundishwa yeye: wanafunzi wanapanga mstari, mwalimu anaonyesha, mmoja mmoja anafuata, na alama inatangazwa hapo hapo kwa sauti ya kufika ukutani. Watoto wepesi walimpenda. Wasio wepesi hakuwafahamu sana, maana walikuwa kwenye benchi.

Benchi hilo lilikuwa chini ya madirisha, na kila mwaka lilizidi kujaa. Wasichana wa darasa la kumi walileta vyeti vya daktari vya kila namna: mgongo, pumu, moyo uliodunda vibaya siku ya Jumanne tu, siku ya kipindi. Wasio na cheti walisahau raba nyumbani. Aliyewatia moyo katika uvivu huo alikuwa Radina, binti mrefu, mnene kiasi, mwenye sauti nzito na mdomo usiolala.

Na katikati ya ukumbi alisimama mbuzi. Kilikuwa kifaa tu cha kuruka, kiwiliwili cha ngozi juu ya miguu minne ya chuma, lakini watoto, wazazi wao na hata babu zao walikiita mbuzi. Unakuja mbio, unakanyaga ubao wa kurukia, unamwekea mikono mgongoni, unapanua miguu na kumvuka. Alama ya muhula wa kwanza ilimtegemea yeye.

Jumanne moja ya Novemba, Zdravka alisimama mbele ya benchi, filimbi shingoni.

"Radina, leo unaumwa nini?"

"Goti, Madam."

"Wiki jana ulikuwa mgongo."

"Umeshuka, Madam. Ugonjwa wangu unatembea. Ndiyo mazoezi yangu hayo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Zdravka akampa mbili, alama ya kufeli, na kuitangaza. Radina akainua mabega. "Mbili si mbaya, Madam. Mwenzangu atapata mbili, tukijumlisha tuna nne." Kicheko kikarudi upya, na somo likafia hapo.

Jioni ile Orlin alikuwa ndio amerudi kutoka safari ya Ujerumani. Walikaa jikoni, supu ya maharage mezani na kabichi ya chumvi pembeni, na Zdravka akamwaga yote: watoto wa siku hizi wavivu, wazazi wanawadekeza, madaktari wanagawa vyeti kama peremende.

Orlin alimaliza kumenya kitunguu, halafu akasema, "Mimi siku ya mbuzi nilikuwa najificha."

"Wewe?"

"Mimi. Kwenye chumba cha tanuri la kupashia shule joto, kwa mzee aliyelitia makaa. Ananipa mbegu za alizeti, nakaa mpaka kengele ilie."

Zdravka alimtazama mume wake, mtu mwenye mabega kama kabati, anayebadilisha tairi la lori peke yake barabarani. "Orlin, mbona hujawahi kuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimeoa mwalimu wa michezo, nijipalie makaa mwenyewe? Nilikuwa mnene, mke wangu. Nilimkalia yule mbuzi mara moja, kalio likagota, nikabaki pale juu kama kuku bandani. Mpaka namaliza shule waliniita Mpanda Mbuzi."

Alicheka aliposema hivyo. Zdravka hakucheka. Alilala vizuri, lakini alipoamka jambo lile bado lilikuwa kichwani.

Jumanne iliyofuata aliwaachia wengine mpira, kisha akaenda kuketi kwenye benchi, katikati ya wagonjwa wake. Wasichana wakasogea kama vile amekaa juu ya miguu yao.

"Unatupeleleza, Madam?" Radina akauliza.

"Ninauliza. Huyu mbuzi amewakosea nini?"

Mmoja akajifanya kukohoa. Mwishowe Radina akasema, safari hii bila utani, "Mbuzi hana shida, Madam. Shida ni foleni. Darasa zima linasimama halina kazi, linakutazama. Wewe unakimbia na kila kitu kinatikisika. Ukigota, wanacheka. Ukivuka, wanasema sakafu imepasuka. Halafu na wewe unatangaza. Afadhali hiyo mbili nikaipate nimekaa."

Zdravka alitaka kumjibu kwamba maisha yana foleni nyingi na kutazamwa kwingi. Akajizuia. Aliutazama ukumbi kama mgeni na kuona kwamba kweli, katika vipindi vyake vyote, mtoto mmoja alikuwa anafanya kazi na waliobaki walikuwa watazamaji.

Akabadilisha. Badala ya foleni moja alipanga vituo: mbuzi pembeni, karibu na mlango wa stoo, akiwa ameshushwa miguu, magodoro ya kubingirikia, kamba za kuruka, ngazi za ukutani za kuning'inia, mpira na kikapu. Kila mtu achague vituo viwili na mwenzake mmoja wa kumsaidia. Hakuna kutangaza alama.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Wavulana wawili walimviringisha Mitko, mtani wa darasa, ndani ya godoro na kumbingirisha kama mkate. Kamba zikafungwa mafundo. Mkuu wa shule, Bwana Tsenkov, aliyekuwa anapita kwenye ukumbi, akafungua mlango.

"Mwalimu Zdravka, hiki ni kipindi au soko la Jumapili?"

"Ni kipindi, Mkuu. Bado hakijapoa."

"Kipoe upesi. Mwezi wa nne tuna mashindano ya voliboli ya wilaya, na kabati langu la vikombe lina nafasi."

Kilichukua majuma kadhaa kupoa. Zdravka aligundua kwamba uhuru mtupu hauwafai watoto. Wanahitaji kujua leo wanatafuta nini. Akaanza kuwauliza mwanzoni mwa kipindi: wewe leo unataka kuweza nini ambacho wiki jana hukukiweza? Mmoja alisema kuning'inia mpaka wimbo uishe. Mwingine alisema kubingirika bila kufumba macho. Na alama akazitoa kwa hatua mtu aliyopiga kutoka pale alipoanzia, na kumwambia mwenyewe, kwa sauti ya chini. Benchi likaanza kupungua. Radina mwenyewe alikuja na raba, akachagua kamba na ngazi za ukutani, na kumpa mbuzi mgongo.

Halafu mambo yakaharibika upande ambao hakuutazamia. Kaloyan, mvulana mwepesi kuliko wote, aliyekuwa akijiandaa kujiunga na shule ya michezo ya mji wa Ruse, alipata tano. Mitko, aliyeshika mkia miaka yote, alipata sita, alama ya juu kabisa, kwa sababu alikuwa amejifunza kubingirika nyuma. Kesho yake baba yake Kaloyan, Bwana Chakarov mwenye karakana ya matairi, alikuja shuleni na ovaroli lake, mikono bado myeusi.

"Mwalimu, mwanangu anaruka kama swala, unampa tano. Yule mwingine anabingirika kama gunia la viazi, unampa sita. Nieleze mimi mtu wa matairi, hesabu hiyo inakwendaje?"

"Mitko amesonga mbele, Bwana Chakarov. Kaloyan yuko palepale tangu Septemba."

"Aende wapi? Ameshafika!"

Bwana Tsenkov, aliyekuwepo, aliitikia kwa kichwa akimuunga mkono baba. Zdravka alirudi ukumbini amekasirika, akamkuta Kaloyan peke yake, anapiga mpira ukutani.

"Umemtuma baba?"

"Hapana, Madam. Amejituma." Mvulana akaukamata mpira. "Lakini mimi ninachoka. Vituo vyako vyote ninaviweza. Nikija, nangoja tu wengine wajifunze. Zamani angalau nilikuwa wa kwanza."

Hasira ikamtoka Zdravka palepale. Aliona kwamba amemtoa Radina kwenye benchi na kumkalisha Kaloyan, ingawa huyu alikuwa amesimama. Akamwomba radhi, kisha wakakaa sakafuni kupanga. Kaloyan akapewa kituo chake: kumvuka mbuzi akiwa ameinuliwa hadi mwisho, halafu kutua kwa kugeuka, jambo ambalo hakuliweza na lililomwangusha vizuri sana kwa muda mrefu. Zdravka mwenyewe alimpigia simu Bwana Chakarov. "Njoo Jumanne umwone anavyoanguka," alimwambia. Bwana Chakarov alikuja, akakunja mikono mlangoni, akamwona mwanawe anatua kwa makalio mara kwa mara na kuinuka anacheka. Aliondoka, na hakuja tena kulalamika.

Mwezi wa nne timu ya voliboli ilitolewa mapema. Bwana Tsenkov alinuna, na mwezi wa tano akamleta mkaguzi wa elimu wa mkoa, mama mmoja mkavu mwenye miwani, aje aone kipindi hicho kinachosemwa. Zdravka hakuwaandaa watoto. Mkaguzi alizunguka kati ya vituo, mikono nyuma, mpaka akafika kwenye ngazi za ukutani, ambako Radina alikuwa ananing'inia, uso mwekundu.

"Binti, mbona uko huku? Unamkwepa mbuzi?"

Radina akajiachia, akatua. "Simkwepi. Nilishamruka Februari. Sasa nataka mikono yenye nguvu."

Zdravka alikuwa nyuma yao. "Februari lini?"

"Ile siku Mitko aliteguka kifundo, Madam, ukawa unamfunga bandeji. Wote walikuwa wanamtazama yeye." Akapangusa viganja kwenye suruali. "Mara ya kwanza niligota. Mara ya pili nikavuka."

"Na hukuniambia?"

"Ungetangaza."

Mkaguzi akageuza uso kuficha tabasamu. Zdravka hakujua aweke wapi mikono yake. Akamgusa Radina begani, akaenda kutenganisha wawili waliokuwa wanagombea kamba.

Mkaguzi alisema ukweli wake bila sukari: watoto wanafanya kazi, na hilo ndilo kubwa, lakini utoaji wa alama hauelezwi vya kutosha kwa wazazi, na mwalimu hana budi kuuweka wazi kabla ya muhula. Zdravka alikubali kwa sababu lilikuwa kweli. Bwana Tsenkov alilalamikia kikombe chake kiangazi kizima. Kaloyan alipata nafasi Ruse. Kwenye benchi walibaki wasichana wawili wenye ugonjwa wa kweli, na hao Zdravka aliwatafutia mazoezi ya kupumua na ya kunyoosha viungo ambayo daktari wao aliyakubali. Radina hakuwahi kulipenda somo la michezo. Alilihudhuria, na alipopata tano mwishoni alisema si haba.

Septemba likaja darasa jipya la nane, watoto waliotoka shule mbalimbali, wamebanana karibu na mlango, wanavuta chini mikono ya traksuti zao. Zdravka hakuwapanga mstari. Aliwaambia wakae duara, kila mmoja aonyeshe kitu kimoja ambacho mwili wake unakiweza. Mmoja akasimama kwa mikono. Mwingine akapiga mluzi wa vidole. Zamu ikamfikia msichana mdogo mwenye nywele za kusuka, aliyekuwa ameinama muda wote.

"Mimi siwezi kitu, Madam," alisema. "Labda masikio."

"Masikio yanafanya nini?"

Msichana akayachezesha, kwanza la kulia, kisha la kushoto, kisha yote mawili pamoja. Darasa likapiga kelele, kila mtu akajishika masikio na kukunja uso kujaribu, Zdravka naye akiwa miongoni mwao, bila kufanikiwa hata kidogo.

"Anza upya, polepole," akamwambia yule mtoto. "Tufundishe."