Kanga Kati ya Madera ya Sare

Wiki hii, kwa fundi cherehani mmoja wa Maili Moja, wasichana waliomaliza kidato cha nne pamoja walikuwa wanapimwa madera ya sare. Rafiki yao, aliyewekwa ndani kufundwa, anatolewa mwali kule Msimbu. Zamu ya mmoja ilipofika, alisogeza pembeni mkono wa fundi, akatoa kwenye mkoba kanga iliyochujuka.

“Mimi nitavaa hii. Ndiyo niliyotolewa nayo mwali, na mama yangu pia.”

Kiongozi wao alimtazama juu mpaka chini. “Shoga, utatuharibia picha. Asiye na sare hapandi gari letu.”

“Sawa. Nitapanda bodaboda.”

“Na kwenye mstari wetu husimami.”

Aliikunja kanga taratibu, pindo kwa pindo. “Nitasimama karibu na mwali. Yeye ndiye aliyenialika.”

Akatoka bila kugeuka.

Kwetu Kisarawe tuna picha ya harusi ya zamani, wanawake karibu wote ndani ya sare. Kila Idi tunabishana nani ni nani. Ni mmoja tu ambaye hatubishani juu yake, shangazi wa baba, aliyekuja na nguo yake. Nasikia wenzake walimnunia siku nzima. Leo ndiye pekee mwenye jina.